Sura ya Tano: Miraba Sitini na Mitatu

Inspekta hakukaa. Alikuwa amepewa kiti cha magurudumu, kizuri tu, ila kila alipotaka kukikalia macho yalimtoka kwenda ukutani na miguu ikafuata. Ukuta wote wa mbele wa chumba kile ulikuwa skrini moja kubwa, na ndani ya skrini kulikuwa na miraba, midogo kama vigae vya bafuni, safu juu ya safu. Mingi ilikuwa ya kijani. Minne ilikuwa myekundu. Mitatu hivi ilikuwa ya bluu, na hiyo bluu ilikuwa haitulii, ilizima huku ikawaka kule, ikahamia pembeni, ikarudi katikati. Inspekta alikuwa ameutazama ukuta huo kwa robo saa na shingo tayari ilimuuma.

Wenzake kituoni walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyouliza maswali. Mwenyewe alijua, na wala hakujali. Koplo aliyefuatana naye, mtu mzima mwenye tumbo la heshima aliyebakiza miezi saba kustaafu, ndiye aliyekikalia kile kiti, na sasa alikuwa akizunguka nacho taratibu kama mtu aliyekuja kukinunua.

"Saa nane na dakika tano, Afande," Koplo alisema.

"Sijakuuliza."

"Najua. Nimekusaidia kutouliza."

Saa kumi kamili jalada lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka. Likifika lilivyo, msichana wa miaka ishirini na sita angeshtakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Jumanne asubuhi aliachia toleo jipya la programu inayowapa madereva wa magari ya wagonjwa njia ya kupita. Toleo lilikuwa bovu. Saa sita mchana gari likapelekwa mtaa usio wake, upande wa pili wa mji, na fundi saa mmoja mwenye pumu akafa sebuleni kwake akilisubiri. Leo ilikuwa Ijumaa. Jalada lilikuwa nene na limepangwa vizuri, na Sindano hakuliamini. Kilichomkera ni kwamba hakuweza kusema kwa nini.

"Nieleze tena, Mzee," alimwambia mtu aliyesimama karibu na ukuta. "Nieleze kama unavyomweleza bibi yako."

"Bibi yangu alikuwa anashika haraka," Fundi Mkuu alisema, akajaribu kutabasamu. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye mfuko. Ofisi nzima ilimwita Mjomba, hata Mkurugenzi aliyemzidi umri. Lilianza kama mzaha. Yule msichana aliyekuwa mahabusu ni mtoto wa dada yake kabisa, tumbo moja, na wiki ya kwanza alipoajiriwa ulimi ulimteleza akamwita Mjomba kwenye kikao. Kutoka siku hiyo akawa mjomba wa kila mtu.

"Haya. Mraba mmoja ni mradi mmoja wa programu. Tuna miradi sitini na mitatu. Mtu yeyote akibadilisha kitu, hata nukta, seva inaijenga programu yote upya toka mwanzo, halafu inaipima. Ikiwa bado inajenga na kupima, mraba ni bluu. Programu ikipita, kijani. Ikianguka, nyekundu."

"Na mraba wa magari ya wagonjwa?"

"Wa kumi na saba. Ule pale, mstari wa pili."

"Jumanne ulikuwa mwekundu kuanzia saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika ishirini. Kumbukumbu za seva zinaonyesha."

"Na toleo likaachiwa saa nne na dakika kumi. Sasa mimi nashangaa, Mzee. Mashine inajua programu ni mbovu. Kwa nini isikatae?"

Fundi Mkuu alijishika shingo. "Kulikuwa na kufuli. Tulilitoa mwaka jana. Lilikuwa linakataa hata toleo lisilo na kasoro, mtandao ukikohoa tu linagoma, watu wanakesha hapa kwa upuuzi. Tukaweka sheria badala yake. Kabla ya kuachia toleo unainua kichwa, unatazama ukuta. Ukiona kijani, unabofya. Usipoona kijani, unaondoa mkono."

"Sheria ya nani?"

"Yangu," alisema, na sauti ikawa ndogo.

Sindano alifungua jalada kwenye maelezo aliyoandika mzee huyo kwa mkono wake siku ya Jumatano. Maandishi yalikuwa mazuri. *Ukuta huonyesha kile kilichomo kwenye seva, muda wote, na hauna namna ya kuonyesha kitu kingine.* Alikuwa ameusoma mstari huo mara kadhaa. Kulikuwa na picha za kamera pia. Kamera ilikaa juu ya skrini ikitazama meza, kwa hiyo haikuuona ukuta, ila ilimwona msichana vizuri. Anaingia saa nne na dakika tano na begi lake begani, siku ya kwanza kutoka likizo, na zamu ya kuachia matoleo ni yake. Anakaa. Anainua kichwa, anatazama mbele kwa sekunde tatu. Anabofya. Usoni hana wasiwasi wowote.

Mtu anayeona nyekundu hatulii namna ile, Sindano aliwaza, labda awe kichaa. Na yule msichana hakuwa kichaa. Ofisini walimwita Chiriku kwa jinsi alivyochonga mdomo kutwa nzima. Tangu akamatwe alikuwa ametoa maneno machache mno. Nilitazama ukuta. Ulikuwa kijani. Basi.

"Nakuja," Sindano alisema, akatoka, maana angebaki mle angeanza kuhesabu vigae vya dari.

*

Mapokezi palikuwa na benchi moja, na kwenye benchi alikaa mama wa Chiriku na mfuko wa nguo magotini. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Kituoni walikuwa wamemfukuza kistaarabu, akaona afadhali aje kukaa karibu na kaka yake. Pembeni yake kulikuwa na glasi ya maji ambayo hakuigusa.

"Afande, mwanangu amekula?"

Sindano hakujua. Angeweza kusema ndiyo, na wengi husema. "Nitauliza, mama. Sasa hivi."

"Kaka yangu ananiambia nisiwe na wasiwasi."

"Anakwambia hivyo?"

"Tangu Jumatano. Ndiye aliyenikalisha hapa."

Sindano aligeuka asiendelee kumtazama, na kwa kugeuka huko akaona ubao wa matangazo. Kulikuwa na ratiba ya usafi, tangazo la miwani iliyookotwa, na picha mpya ya rangi. Watu sita waliovaa suti walisimama mbele ya ule ukuta wa skrini wakiwa wamebana tabasamu. Juu ya vichwa vyao ilionekana saa ya ukutani, na ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi.

"Dada," alimwita msichana wa mapokezi, "hii picha ya lini?"

"Ya wageni wa Jumanne. Nimeipiga mimi. Imetoka vizuri, eti?"

Imetoka vizuri mno. Nyuma ya wale wageni miraba yote ilikuwa ya kijani. Sindano alihesabu kwa kidole mpaka wa kumi na saba, mstari wa pili. Ulikuwa wa kijani kama jani la mgomba, na saa ile kumbukumbu za seva zilisema umekuwa mwekundu kwa nusu saa nzima. Aliibandua picha ile pamoja na pini zake akarudi nayo ndani kwa mwendo ambao Koplo aliufahamu, akaacha kuzunguka na kiti.

*

"Nani anatunza kumbukumbu za seva?"

"Mimi," alisema mwanamke mmoja pembeni bila kuinua macho kwenye kompyuta yake. Alikuwa mkaguzi wa programu, na aliitwa Miwani ingawa hapo hakuwa ameivaa.

"Miwani yako imeokotwa," Koplo alimwambia. "Iko kwenye ubao."

"Nashukuru."

Sindano aliiweka picha mbele yake. "Kumbukumbu zako zinasema saa tatu na dakika ishirini mradi ule ulianguka. Picha inasema saa nne kasoro kumi ulikuwa mzima. Mmoja wenu anadanganya, na picha haina mdomo."

Miwani aliivuta picha karibu na pua. Alikaa nayo kidogo. "Unataka kusema nimechezea kumbukumbu."

"Nauliza. Wewe na Chiriku mnaelewana?"

"Hatuelewani. Ana kelele, ananitoa akili. Nilishaandika hata barua ahamishwe meza." Alisema hivyo bila aibu. "Lakini mtu akinikera namhamisha meza, simpeleki jela. Njoo utazame." Alifungua barua pepe zake. "Mradi ukianguka, seva inamtumia kila mmoja wetu barua papo hapo. Hii ya Jumanne, saa tatu na dakika ishirini. Tuko watu thelathini, kila mmoja anayo. Nitaingiaje kwenye barua za watu thelathini?"

Koplo tayari alikuwa kwenye meza ya jirani akimwomba kijana mmoja wa programu afungue zake. Alizunguka meza nne. Alirudi akitikisa kichwa. Barua ilikuwepo kote, saa ileile.

"Na Chiriku?"

"Alikuwa na barua mia tisa za likizo. Nani angezisoma kwanza? Sheria ni ukuta." Miwani alisita. "Nitakwambia kitu ambacho hakuna aliyeniuliza. Yule mtoto hajawahi kuiruka sheria hiyo. Wengine humu tunabofya kwa mazoea, nami nimo. Yeye anainua kichwa kila mara, hata kwa mradi wa kubadilisha rangi ya kitufe. Tulikuwa tunamcheka."

"Wewe uliuona ukuta Jumanne?"

"Nilikuwa kwa daktari wa meno. Nilirudi saa tano kasoro dakika ishirini, ukuta ulikuwa mwekundu pale pa kumi na saba. Nilishtuka, ndiyo maana nakumbuka."

Sindano alianza kutembea. Kutoka dirishani mpaka mlangoni zilikuwa hatua kumi na moja, alishazijua. Kumbukumbu ni za kweli. Picha ni ya kweli. Msichana aliona kijani saa nne na kumi, Miwani akaona nyekundu nusu saa baadaye, na mradi wenyewe ulikuwa mbovu muda wote. Saa nane na dakika arobaini. Ukutani ile bluu iliendelea kurukaruka. Mraba mmoja ulizima, miwili ikawaka, na hakuweza kuzuia macho yake kuifuata. Kitu kile kilimkera kama nzi.

Akasimama.

"Mjomba," aliita, na kwa mara ya kwanza alimwita kama walivyomwita wengine. "Hii bluu hupumzika saa ngapi?"

Fundi Mkuu alikuwa amesimama palepale tangu mwanzo. "Vipi?"

"Nimekaa hapa karibu saa nzima. Sijaona hata dakika moja isiyo na bluu."

"Miradi sitini na mitatu, watu thelathini," Miwani alijibu badala yake. "Mchana lazima kuwe na kinachojengwa. Bluu ikiisha ujue seva imekufa."

Sindano hakumgeukia. Aliendelea kumtazama mzee. Halafu akaichukua picha akampa Koplo. "Tafuta bluu."

Koplo alitafuta. Alivaa miwani yake, akatafuta tena, midomo ikimcheza. "Hakuna, Afande. Kijani tupu." Kisha akakunja uso. "Na ngoja. Ngoja kidogo." Alihesabu kwa ncha ya kalamu, safu kwa safu, akakosea kwa sababu kichwa cha mgeni mmoja kilikaa vibaya, akaanza upya. Chumba kizima kilimsubiri. "Ukutani ni sitini na mitatu. Hapa ni sitini na mmoja."

"Miwili ni ya mwezi huu," Miwani alisema polepole. "Tuliianza mwezi huu." Alielewa wakati akisema, na mkono wake ukaenda mdomoni.

*

Msichana wa mapokezi alijibu kirahisi kabisa, akiendelea kupanga bahasha. Alishangaa hata kuulizwa.

"Aa, siku za wageni ukuta unavalishwa. Mkurugenzi hapendi wekundu mbele za watu, anasema unatutia aibu. Kuna picha ya zamani ya skrini, siku moja miradi yote ilipita kwa pamoja, wakaihifadhi. Wageni wakija inawekwa, wakiondoka inatolewa. Dakika mbili tu."

"Mbona hukusema?"

"Polisi waliniuliza kama nilimwona Chiriku akiingia. Nikasema nilimwona." Alianza kuogopa. "Nimekosea? Wote wanajua, hata Chiriku. Ila Jumanne alifika wageni wameshaondoka, na mimi nilikuwa kwenye simu. Hakuna aliyemwambia."

"Anayeuvalisha ni nani?"

Msichana alimtupia jicho mama aliyekaa kwenye benchi, akashusha sauti. "Si Mjomba?"

*

Walimkuta kwenye chumba kidogo cha vikao, mikono mezani, kana kwamba ndiye aliyewaita. Koplo alifunga mlango. Ukuta wa chumba hicho ulikuwa wa kioo, na kupitia kioo yalionekana mapokezi, benchi, na mfuko wa nguo.

"Wageni waliondoka saa nne," Sindano alisema. Hakuwa na haja ya kupaza sauti. "Wewe uliitoa picha saa ngapi?"

"Sijui unachosema."

"Kati ya saa nne na kumi, na saa tano kasoro dakika ishirini. Nataka wewe unitajie."

"Ukuta unaonyesha kilichomo kwenye..."

"Nimeshausoma huo mstari, Mzee. Ni mstari mzuri."

Jasho lilikuwa limetokea juu ya mdomo wa Fundi Mkuu. Sindano aliona hatamwondoa hapo kwa maneno, si kwa saa moja aliyobakiwa nayo. Alitoa simu, akapiga kituoni, akamwambia askari wa zamu amtoe Chiriku mahabusu ampe simu. Aliiweka mezani, sauti wazi. Walisubiri. Walisikia funguo, na mlango, na viatu.

"Haloo."

Fundi Mkuu alifumba macho.

"Ni Inspekta. Umekula?"

"Kidogo."

"Nina swali moja. Jumanne ulipoinua kichwa, uliona mraba wowote wa bluu?"

Koplo aliinama kuona kama simu haijakatika.

"Nani amekwambia habari ya bluu?" Chiriku aliuliza.

"Jibu swali."

"Nililijua jambo hilo usiku wa kwanza. Nililala nikauona ukuta ule kichwani, nikatafuta bluu, sikuipata." Sauti yake ilikuwa kavu, bila kilio. "Mjomba yuko hapo?"

"Yupo. Anakusikia."

"Basi muulize yeye. Mimi nimemsubiri siku tatu."

Simu ikakatwa, na aliyeikata ni yeye. Sindano alibaki ameitazama. Kwa miaka kumi na minane ya kazi alikuwa ameona watu wakiwalinda ndugu zao kwa uongo, kwa kelele, hata kwa ngumi. Hakuwa ameona mtu akimpa ndugu yake nafasi tu, akakaa kimya kuona ataitumiaje. Alimwonea uchungu yule msichana, na hakuuficha.

"Saa nne na nusu," Fundi Mkuu alisema. Macho yalikuwa bado yamefumba. "Niliwasindikiza wageni mpaka chini. Mkurugenzi akanishika pale, tukaongea. Nikasahau. Saa nne na nusu ndipo nikakumbuka, nikapanda mbio, nikatoa. Nikaona wa kumi na saba ni mwekundu. Sikujua kama ameshaachia, wallahi. Nilijua saa nane, waliponiambia kuna mtu amekufa."

"Na Jumatano ukaandika ule mstari."

"Nilidhani atapata onyo tu. Ni mdogo, ni msichana mzuri, wangemsamehe. Mimi nina..." Hakukuwa na neno la kuweka pale ambalo lingesikika vizuri. "Nilimfundisha mimi, Inspekta. Nilimwambia usiamini barua, usiamini mtu, amini ukuta."

Koplo alisukuma karatasi mbele yake, na kalamu. Mzee aliandika kurasa mbili kwa mwandiko uleule mzuri, akatia sahihi. Saa tisa na dakika ishirini. Sindano aliziweka juu ya jalada, juu ya karatasi nyingine zote, akampa Koplo jalada alikimbize kwa mwendesha mashtaka.

"Naomba nianze na dada yangu," Fundi Mkuu alisema. "Kabla hamjaniondoa. Nimwambie mwenyewe."

Sindano aliitazama saa, ingawa hakuwa na haja. Kisha akamfungulia mlango, akabaki kizingitini.

Kupitia kioo alimwona akitembea hatua zile chache, mikono imelegea. Mama wa Chiriku alipomwona kaka yake anakuja uso ulimfunguka, maana alidhani analeta habari njema. Akausogeza mfuko wa nguo pembeni ili apate pa kukaa.